Wiki Moja ya Pwani, Ada ya Miaka 25: Uchambuzi wa Kisa Kilichofika Kamati ya Mikopo Mjini Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kililetwa mbele ya kamati ya mikopo ya chama cha akiba na mikopo ambacho mimi ni mjumbe wake, hapa Moshi. Wahusika wameridhia kisimuliwe ili wanachama wengine wajifunze, kwa sharti kwamba majina yao, mahali pao pa kazi na jina la hoteli visitajwe. Kwa hiyo nitawaita mume, mke na Bibi, ambaye ni mama mzazi wa mume. Viwango vya fedha nimevikadiria kwa tarakimu kamili bila kuharibu uwiano wake.

Nakiandika kwa sababu kilitufundisha jambo ambalo fomu zetu za mkopo hazikuwa na mahali pa kuliuliza. Nakiandika pia kwa sababu nimesikia wajumbe wakikisimulia kama habari ya mtu aliyetapeliwa, na kwa kuwa nimeusoma mkataba ule kurasa zote, naamini simulizi hiyo si sahihi na haimsaidii mwanachama mwingine atakayekutana na jambo la namna hiyo.

Usuli

Mume ni mtumishi wa umma na mke ana duka la vifaa vya shule. Wana watoto wawili wanaosoma shule za bweni. Bibi ana miaka 74 na anaishi juu mlimani, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia. Katika miaka 22 ya ndoa, mapumziko ya familia hii yalikuwa yale yale ya familia nyingi za Uchagani, yaani kupanda nyumbani kila Desemba, kuchinja, kukutana na ukoo, kisha kushuka mjini Januari ada za shule zikiwa mlangoni. Baharini hawakuwahi kwenda pamoja hata mara moja.

Kaka wa mke anaishi Uingereza, na huko ana umiliki wa zamu, ambao wauzaji wake huuita taimushea. Katika utaratibu huu mtu hanunui nyumba, bali hununua haki ya kuitumia nyumba iliyo tayari na samani na jiko kwa wiki moja kila mwaka, huku wiki nyingine za mwaka zikiwa za wanunuzi wengine. Hulipa bei ya kununua, na juu yake hulipa ada ya matunzo kila mwaka, awe amekuja au hakuja. Asipoitaka wiki yake anaweza kuiweka kwenye kampuni ya kubadilishana, mfano RCI iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974, akachukua wiki ya mwenye zamu mwingine mahali pengine, ikiwa ipo. Hivyo ndivyo shemeji huyu alivyopata wiki moja ya Juni katika hoteli ya ufukweni kusini mwa Mombasa. Kazi ilipombana akashindwa kusafiri, akalipia cheti cha mgeni kwa jina la dada yake, naye dada akajikuta ana nyumba ya vyumba viwili mbele ya bahari kwa siku saba.

Mfuatano wa matukio

Safari yenyewe ilipangwa vizuri, na mke ndiye aliyeipanga. Alimtafutia Bibi na watoto hati za dharura za kusafiria mapema, akahakikisha kila mmoja ana cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na mume akakata bima ya COMESA ya gari. Walitoka Moshi alfajiri ya Jumamosi, wakavuka Holili na Taveta, wakapita Voi na kushuka hadi Mombasa, na alasiri walikuwa wamekabidhiwa funguo. Malipo pekee ambayo hawakuyatarajia yalikuwa ya umeme, ambayo hoteli huyatoza kando. Hayakuwa makubwa.

Siku nne za kwanza zilikuwa njema kuliko walivyotarajia. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo ukivuma kutwa na bahari ikiwa na mawimbi nje ya mwamba, lakini ndani ya mwamba maji yalikuwa yametulia na watoto waliogelea. Mke alinunua changu na tafi kwa wavuvi asubuhi, akakuna nazi mwenyewe na kupika kwenye jiko la nyumba, kwa hiyo gharama ya chakula haikupita ile ya nyumbani kwa kiasi kikubwa. Jumatatu ilikuwa siku ya bamvua. Maji yalikupwa mbali sana, mchanga ukabaki wazi, na Bibi akaondoka barazani, akainua kanga mpaka magotini, akatembea polepole hadi maji yalipokuwa. Alisimama pale muda mrefu. Jioni, maji yalipokuwa yamejaa tena hadi karibu na minazi, alimwambia mwanawe, «Maji ya mfongo yakishapita yamepita. Haya yanarudi.» Mfongo ni mfereji wa kumwagilia mashamba huko mlimani. Ninaeleza hili kwa sababu maneno hayo yalikuja kuwa na uzito katika uamuzi uliofuata, na pia kwa sababu ni haki isemwe kwamba wiki ile ilikuwa na thamani ya kweli kwa watu wale.

Jumanne walipewa mwaliko wa kusikiliza maelezo ya umiliki wa zamu. Waliahidiwa kwamba maelezo yangechukua dakika 90 na kwamba mwisho wake wangepewa tiketi za safari ya mashua kwa familia nzima. Jumatano saa tatu asubuhi mume na mke walikwenda, Bibi na watoto wakabaki ufukweni. Kikao kilichukua karibu saa nne.

Muuzaji alikuwa kijana wa pwani, mwenye adabu, aliyewaita «mzee wangu» na «mama» na kuwaagizia madafu. Kwanza aliwauliza habari za familia na safari, na mume, kwa furaha aliyokuwa nayo, akamsimulia lile la Bibi na maji. Baadaye waliandika pamoja kwenye karatasi kiasi ambacho familia ingetumia kwa hoteli katika miaka 25 ikiwa ingesafiri kila mwaka, na hesabu ikawa kubwa. Bei ya kwanza ilikuwa dola 12,000. Mume aliposita, meneja aliitwa, akaishusha hadi dola 8,400, lakini kwa watakaotia saini siku hiyo hiyo tu. Mke aliomba warudi kwanza nyumbani wakafikirie. Hapo ndipo muuzaji alipomgeukia mume na kumuuliza habari za Bibi kwa sauti ya upole, «Mzee wangu, mama ataiona bahari hii mara ngapi tena?»

Saa saba mchana walitia saini mkataba wa wiki moja kila mwaka kwa miaka 25. Kianzio kilikuwa dola 1,200, ambazo mume alizilipa kwa kadi ya benki. Kwa kiwango cha takribani shilingi 2,600 kwa dola, hizo zilikuwa shilingi 3,120,000, na ndizo zilizokuwa ada za muhula wa pili za watoto wote wawili. Salio la dola 7,200 lilitakiwa lote ndani ya siku 60, la sivyo mkopo wa kampuni wenye riba kubwa ungeanza kuhesabiwa. Ada ya matunzo ilikuwa dola 540 kwa mwaka, na mkataba ulisema ingepitiwa kila mwaka na bodi ya wamiliki, bila kutaja ukomo wa ongezeko.

Jumamosi walirudi Moshi. Jumatatu asubuhi mume aliwasilisha maombi ya mkopo wa shilingi 18,720,000 kwa miezi 36.

Maamuzi ya kamati na sababu zake

Afisa mikopo aliyapitisha maombi hayo siku iliyofuata, na kwa taratibu zetu hakukosea. Akiba ya mwombaji ilizidi theluthi ya mkopo, wadhamini walikuwa wametimia, na baada ya makato mshahara wake ungebaki juu ya theluthi moja inayotakiwa. Rejesho la mwezi wa kwanza, kwa riba yetu ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, lingekuwa shilingi 707,200. Kwenye mstari wa madhumuni ya mkopo mume aliandika «maendeleo ya familia», maneno ambayo kwenye fomu zetu yanatosha kujengea nyumba, kununua pikipiki au kufanya lolote.

Kamati ilikaa Alhamisi. Mjumbe mmoja aliuliza maendeleo hayo ni yapi, na mume, ambaye hana tabia ya kuficha, akatoa mkataba. Kilichofuata sikifurahii nikikikumbuka. Wajumbe wawili walianza kumkemea kana kwamba ni mtoto aliyepoteza hela dukani, mmoja akimuuliza kama hajawahi kusikia habari za matapeli. Mume alinyamaza, kisha akaanza kuutetea mkataba kwa nguvu kuliko alivyokuwa akiutetea alipoingia. Mwenyekiti alisimamisha kikao kwa dakika 15, na alipokirudisha aliomba tufanye hesabu tukiwa pamoja na mwombaji, na mkewe apigiwe simu aje. Uamuzi huo mdogo ndio uliookoa siku.

Tulidhani hesabu ingeonyesha wizi, lakini haikuonyesha. Kwa kuwa mkataba haukuweka ukomo, tulichukua dhana kwamba ada ya matunzo ingepanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Kwa miaka 25 ada peke yake ingefikia takribani dola 25,770, na ya mwaka wa mwisho ingekuwa dola 1,740 hivi. Ukiongeza bei ya dola 8,400 unapata karibu dola 34,170. Kisha tukatafuta kodi ya nyumba ya aina hiyo hiyo, ufukwe huo huo, mwezi Juni, tukaona mtu yeyote angeweza kuikodi kwa dola 700 kwa wiki. Kodi hiyo nayo ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, jumla yake kwa miaka 25 ni karibu dola 33,410. Ukiongeza riba ya mkopo wetu, takribani dola 1,330, mwenye zamu angekuwa amelipa dola 2,100 hivi zaidi ya mpangaji katika robo karne. Hakuna mtu wa haki atakayeuita huo utapeli.

Ila hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba familia iende kila mwaka kwa miaka 25 bila kukosa. Mpangaji asiyekwenda halipi kitu, ilhali mwenye zamu asiyekwenda hulipa ada ile ile. Wakienda mara 15 tu katika miaka hiyo, kila wiki waliyoitumia ingekuwa imewagharimu karibu dola 2,280. Na hata baada ya kumaliza kulipa bei yote, ada ya dola 540 peke yake ni zaidi ya robo tatu ya kodi ya mgeni asiyemiliki chochote.

Mwenyekiti ndipo alipomuuliza mke swali ambalo halikuwa la hesabu: wangeitumia wiki hiyo lini? Mke alijibu bila kufikiri sana. Desemba hawawezi, kwa kuwa wanapanda nyumbani, na zaidi ya hapo wiki za Krismasi hazimo katika daraja walilonunua. Januari ni ada za shule na msimu mkubwa wa duka lake. Wakati wa masika hakuna anayetaka kwenda. Watoto wanafunga shule Juni, basi ingebaki Juni, ikiwa mume atapata likizo, ikiwa hakuna msiba, ikiwa mvua haijaharibu chochote kule juu. Alipomaliza kutaja hayo mume mwenyewe alisema, «Basi tumenunua Juni za miaka 25, na hatujui tutazipata ngapi.»

Baada ya hapo tuliutafuta mlango wa kutokea. Ulikuwa ukurasa wa 7, kifungu kilichoruhusu mnunuzi kujitoa kwa maandishi ndani ya siku 10 za kalenda tangu kutia saini, kwa kurejeshewa kianzio pungufu ya gharama ya nyaraka. Siku hiyo ilikuwa ya nane. Mume na mke walikuwa hawajakisoma kifungu hicho, na muuzaji hakuwa amekitaja. Kilisema taarifa lazima ipokelewe ndani ya muda huo, si kutumwa tu, na kwa bahati kiliikubali barua pepe. Barua iliandikwa jioni hiyo ofisini kwetu, yenye namba ya mkataba, tarehe ya kutia saini na kifungu kinachotumika, bila maelezo ya sababu na bila kuomba radhi. Ilitiwa saini na wote wawili, ikapigwa picha na kutumwa saa mbili usiku, na nakala ya karatasi ikapelekwa kwa basi la Mombasa kesho yake. Ijumaa mchana hoteli ilijibu kwamba imeipokea.

Matokeo

Kamati haikuidhinisha mkopo ulioombwa. Badala yake ilimpa mume mkopo wa elimu wa shilingi 3,000,000 ili watoto warudi shuleni Julai. Dola 1,050 zilirudi kwenye akaunti yake baada ya wiki saba na simu kadhaa; dola 150 zilibaki kama gharama ya nyaraka, kama kifungu kilivyosema. Tiketi za mashua walikuwa wamekwisha kuzitumia, na hakuna aliyewadai.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kosa la msingi, kwa maoni yangu, halikuwa kumwamini muuzaji. Mambo aliyoyasema yalikuwa ya kweli karibu yote. Kosa lilikuwa kuichukua furaha ya wiki moja kuwa ushahidi wa wiki nyingine 25. Wiki ile ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa ya kwanza, kwa sababu shemeji alikuwa ameilipia, na kwa sababu mke aliipanga kwa miezi miwili. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyokuwa ndani ya mkataba. Kilichokuwa ndani ya mkataba kilikuwa ada, na ada haina msimu wa kusi wala kaskazi.

Swali la muuzaji kuhusu Bibi lilikuwa zito kwa kuwa lilikuwa swali halali. Mwana mwema lazima limguse. Lakini jibu lake, likitafutwa kwa utulivu, linaelekeza upande mwingine kabisa: mama wa miaka 74 anahitaji safari ya mwaka huu na ya mwaka ujao, nazo zinaweza kukodiwa. Mkataba unaoisha akiwa na miaka 99 haumhusu yeye. Mume aliniambia baadaye kwamba kama angelitoka nje ya chumba kile kwa nusu saa tu, akakaa na mama yake mchangani, angeliliona hilo mwenyewe. Namwamini. Sharti la kutia saini siku hiyo hiyo lilikuwapo ili nusu saa hiyo isipatikane.

Kuna pia suala la sarafu, ambalo hata kamati ililigusa juu juu tu. Mshahara wa mume ni wa shilingi na ada ilikuwa ya dola. Katikati ya mwaka 2014 dola moja ilikuwa takribani shilingi 1,650. Miaka 10 baadaye ilikuwa takribani 2,600. Maana yake, ada ya dola 540 isiyopanda hata senti moja ingetoka shilingi 891,000 hadi 1,404,000 bila bodi yoyote ya wamiliki kukutana. Mtu anayelipwa kwa dola anaweza kulipuuza jambo hili, lakini mwanachama wetu hawezi.

Kuhusu ahadi ya kubadilishana, ambayo ilimvutia sana mke kwa kuwa aliona wazi jinsi ilivyofanya kazi kwa kaka yake, ni vema ieleweke kwamba kubadilishana hutegemea wiki unayoiweka inatafutwa na watu kiasi gani. Kwa wiki ya Juni pwani ya Kenya, msimu wa upepo, hutegemei kupata wiki ya Agosti mahali ambapo kila mtu anapataka. Tulisikitika kwamba hakuna aliyempigia shemeji simu kabla ya kutia saini. Alipopigiwa siku ile ya Alhamisi, akiwa kazini, alisema ada yake imekaribia kuwa maradufu tangu aliponunua, na kwamba amejaribu kuiuza zamu yake asipate mnunuzi hata kwa sehemu ndogo ya bei. Yeye ndiye mtu pekee katika ukoo aliyeujua utaratibu huu kwa kuuishi, na alikuwa umbali wa simu moja.

Mke aliniambia kwamba alitia saini akiwa hajaridhika, kwa sababu hakutaka kumpinga mumewe mbele ya mgeni. Hilo ni jambo la heshima katika nyumba zetu na sitalibeza. Lakini familia nyingine imekwisha kuniambia kwamba sasa hukubaliana kabla ya kuingia kikao chochote cha mauzo kuwa hakuna atakayetia saini siku hiyo, ili anayekataa asionekane anampinga mwenzake, bali analishika neno lao wote wawili. Naiona njia hiyo kuwa nzuri.

Siku 10 zile ziliwasaidia kwa kubahatisha tu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2008 linampa mnunuzi wa umiliki wa zamu siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na linakataza muuzaji kupokea malipo yoyote kabla siku hizo hazijaisha. Mkataba huu haukuwa chini ya sheria hiyo. Familia ilikuwa na kile tu kilichoandikwa ukurasa wa 7. Kamati yetu hukaa Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili. Kama wangerudi Moshi wiki ya pili ya mzunguko, tungeukuta mlango umefungwa, na tungekuwa na mwanachama mwenye deni la dola na watoto wawili nyumbani bila ada.

Upande wetu, fomu imebadilishwa. Madhumuni ya mkopo sasa lazima yaandikwe kwa jina la kitu chenyewe, na limeongezwa swali moja: je, kitu hiki kitakudai malipo mengine baada ya mkopo kwisha, kiasi gani, na kwa sarafu gani? Mkataba wowote unaohusika huambatishwa, na afisa mikopo huusoma kabla ya kikao. Ukali wa wajumbe nao ulijadiliwa, kwa kuwa mwanachama anayekemewa huondoka na mkataba wake mfukoni na kwenda kukopa mahali pengine.

Familia ilifungua akaunti ya safari Septemba iliyofuata na kuanza kuweka shilingi 110,000 kila mwezi, wakilenga kukodi usiku tano mwezi Juni kwenye ufukwe ule ule. Ilipofika Juni akaunti ilikuwa na shilingi 1,100,000, lakini magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba na daktari hakuruhusu safari ndefu ya gari. Sehemu ya fedha hizo ililipia matibabu yake. Zilizobaki bado ziko kwenye akaunti, michango ya kila mwezi inaendelea, na safari imesogezwa mbele kwa mwaka mmoja.